Nyundo na Saa ya Jikoni

Kiwiko cha kulia cha mwalimu wa darasa la tatu hakinyooki. Kilivunjwa akiwa na miaka minane, na aliyekivunja ni baba yake mzazi, fundi wa kuchomelea vyuma, kwa kipande cha bomba, kwa sababu saba mara nane ilikataa kuja kichwani. Siku ya pili, mkono ukiwa umefungwa kwenye ubao kwa vitambaa, baba alimuuliza tena saba mara nane. Akajibu hamsini na sita. Baba akawageukia majirani waliokuja kutoa pole.

"Mmeona?" akawaambia. "Imeingia."

Neno hilo alilibeba miaka thelathini na tano. Alikwenda nalo chuo cha ualimu, akatoka nalo na cheti, akaingia nalo darasani. Hakupiga watoto makalioni kama walimu wengine. Aliwapiga vifundo vya vidole kwa ukingo wa rula ya mbao, mkono ukiwa umekunjika palepale kwenye kiwiko kibovu, ukishuka mfupi na mzito. Watoto wakamwita Nyundo. Wazazi walimpenda kwa hilo. Mtoto akiwasumbua nyumbani walisema, "Ngoja uingie la tatu, utakutana na Nyundo," na mtoto alinyamaza kabla hajamwona. Darasa lake la watoto sitini na wawili lilikuwa kimya kiasi cha kusikia bati la paa likitanuka kwa joto. Wakaguzi walimsifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kimya kile kilitengenezwa kwa kitu gani.

Muhula wa kwanza wa mwaka huo kulikuwa na msichana aliyekaa karibu na dirisha, mdogo kwa umbo, mwenye mdomo usiopumzika. Wenzake walimwita Chiriku. Siku moja mwalimu alikuwa ubaoni akiandika, akasikia mnong'ono nyuma yake. Akasema, "Kimya." Mnong'ono ukaendelea. Rula ilikuwa mezani, mbali, naye hakutaka kurudi kuifuata. Akamzaba Chiriku kofi moja la sikio la kushoto.

Mtoto hakulia. Alianza kugeuza kichwa huku na huku, polepole, kama anatafuta kitu kimetoka upande gani. Kisha uzi mwembamba wa damu ukateremka shingoni na kuingia kwenye kola ya sare.

Hospitali walisema ngoma ya sikio imepasuka na haitarudi. Mwalimu mkuu, mzee mpole asiyependa kelele za aina yoyote, aliandika ripoti siku hiyohiyo: mwanafunzi aliteleza penye bomba la maji akaangukia ukingo wa saruji. Akamsogezea mwalimu karatasi.

"Weka sahihi hapa, Mama. Tuyamalize humu ndani."

Akaweka.

Siku ya tatu alikuja mama yake Chiriku. Ni fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, tepu ya kupimia shingoni, mkasi mkubwa mkononi. Aliingia chumba cha walimu bila kubisha hodi.

"Nani Nyundo?"

"Ni mimi."

Mkasi ulikuwa umefungwa, na hiyo ndiyo bahati. Ulimpata mwalimu juu ya nyusi, chuma kikagonga mfupa, na damu ikajaa jicho. Akaketi chini ya ukuta. Walimu wawili wakamshika yule mama mikono.

"Niacheni! Simpigi tena. Nataka kumuuliza tu. Wewe, Mwalimu, ulimwambia nini mwanangu kabla hujampiga?"

"Nilimwambia anyamaze."

"Alikuwa anasema nini?"

Mwalimu alifumba jicho lile zima. Hakujua.

"Alikuwa anamwonyesha mwenzake ukurasa! Mwenzake amepotea ukurasa, anamwambia ni wa arobaini. Hicho ndicho kilichomtoboa mwanangu. Ukurasa wa arobaini." Akajinasua mikononi mwa walimu. "Karatasi yenu inasema bomba. Mwanangu anasema wewe."

"Ni mimi," akasema mwalimu.

Lakini alilisema kwa mdomo tu. Karatasi ilibaki inasema bomba.

Jumatatu iliyofuata aliingia darasani na nyuzi tatu kwenye nyusi. Akachukua rula ya mbao, akaifungia kabatini, na ufunguo akamkabidhi mwalimu wa darasa la pili, jirani yake wa ukuta mmoja. Katika daftari la kurasa mia akachora safu mbili. Ya kwanza aliipa kichwa "Wasiofanya kazi." Ya pili aliandika "Mkono wangu." Kila mara mkono wake ukimpiga mtoto, angeandika. Alijijua.

Watoto walichukua siku nne kuamini kwamba rula haipo. Siku ya tano darasa lilipasuka. Walikuwa watoto waliozoea kukaa chini ya kofi, na kofi lilipoondoka hawakujua kitu kingine cha kuwakalisha. Waligeuziana walichopewa. Waling'atana. Walipigana kwa makubazi. Msichana mmoja alikibamiza kichwa cha mwenzake kwenye dawati hadi jino la mbele likatoka na kudondoka kwenye mkebe wa penseli, na wote wawili wakabaki wanalitazama kwa mshangao. Mwalimu alihesabu: arobaini na mmoja kati ya sitini na wawili hawakuwa wanafanya kazi. Safu ya pili aliandika sifuri, ingawa mkono ulikuwa ukimwasha hadi kwenye kucha.

Kelele ilimleta Sajini. Huyu alikuwa mwalimu wa nidhamu, mwenye kifua kipana na kiatu kilichong'arishwa, na hakuwahi kuwa askari mahali popote. Alitembea na kipande cha mpira wa kumwagilia maji, amekijaza mchanga na kuziba ncha zote mbili kwa waya. Alikiita "Msaidizi." Mwaka uliopita kijana wa la saba alikojoa damu wiki nzima kwa sababu ya Msaidizi, na ripoti yake iliandikwa kwamba alianguka kutoka mtini.

Sajini hakuuliza nani ameanza. Alipiga safu ya mbele yote, watoto kumi, mgongoni, kwa mpangilio, kama anayekung'uta vumbi kwenye magodoro. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Dada mkubwa, umestaafu bila kutuaga?"

"Toka darasani kwangu."

"Kwako?" Akacheka. "Hili si darasa, dada. Hili ni zizi limevunjika ukuta."

Siku hiyo mwalimu mkuu alimwita ofisini na kumpa masharti. "Ijumaa ya mwisho wa muhula nitaingia mwenyewe, nikae nyuma, nione. Nikikuta utulivu, endelea na mambo yako. Nikikuta soko, la tatu linakwenda kwa Sajini mpaka wamalize shule. Sina namna, Mama."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Wiki saba. Watoto sitini na wawili, na mmoja wao ana sikio moja.

Jumamosi alikwenda kwenye semina ya walimu katika shule nyingine, si kwa hamu, bali kwa sababu aliamriwa. Mkufunzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua, akipenga kamasi kila sentensi ya tatu. Aliweka mezani saa ya jikoni, ile ya duara inayozungushwa kwa vidole na kulia dakika zikiisha.

"Nyinyi mnamtazama mtoto wakati gani?" akauliza. "Akikosea. Basi akitaka umtazame atafanya nini?"

Ukumbi ukacheka.

"Msicheke, mnajitayarishia kazi wenyewe. Mtazameni akiwa anafanya kazi. Na msisubiri kukumbuka, maana mwalimu aliyechoka anakumbuka makosa tu. Wekeni ratiba. Kengele ikilia, nyanyua macho, tafuta wanaofanya kazi, wape kitu. Neno, alama, chochote wanachokipenda. Wasiofanya kazi usiwape chochote, hata kelele zako. Wengine kelele zako ndiyo zawadi yao."

Mzee mmoja wa nyuma akasema hayo ni kuhonga watoto. Mkufunzi akapenga kamasi. "Na fimbo ni nini, baba? Tofauti yake ni nini, ila kwamba inatoa damu?"

Nyundo hakucheka na hakubisha. Aliporudi alinunua saa ya namna ileile, akaiweka mezani darasani.

"Safu ziko sita," akawaambia watoto. "Saa hii italia. Ikilia, safu ambayo wote wako kazini inapata mstari ubaoni. Safu yenye mistari mingi ndiyo inachagua hadithi nitakayowasomea kabla ya kwenda nyumbani, na ndiyo inatoka kwanza."

"Na safu isiyopata?" akauliza kijana mmoja wa nyuma, mkono tayari umelinda kichwa.

"Haipati."

"Halafu?"

"Basi. Haipati tu."

Wakatazamana. Walidhani ni mtego.

Alizungusha saa dakika tano, ikalia, tena dakika tano, ikalia. Wiki ya kwanza hesabu ilishuka hadi ishirini. Wiki ya pili ikashuka hadi watatu. Watatu! Aliandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu. Sajini alipita dirishani akachungulia. "Dada, keki imeiva?" Mwalimu akazungusha saa tena. Alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya mvivu, maana alikuwa akihesabu pale tu kengele ilipolia.

Watoto si wajinga. Walikuwa wamegundua, bila kufundishwa, kwamba dakika tano zina mwanzo na mwisho. Kengele ikishalia, kuna dakika nne ambazo hakuna kinachotokea. Katika hizo nne walifanya walichotaka, yeye akiwa amewapa mgongo ubaoni. Wa mbele walisoma mshale wa saa na kupitisha ishara nyuma kwa vidole. Ikifika dakika ya mwisho, vichwa vyote vilishuka kama vimekatwa kamba. Alisikia kelele ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, akajiambia ni afadhali kuliko zamani.

Siku moja ya wiki ya tatu alikuwa akiandika hesabu za kugawanya. Nyuma yake wavulana wawili wa safu ya mwisho walikuwa wakigombania penseli. Mmoja aliichomoa, akamchoma nayo mwenzake shavuni, kwa nguvu zote, ikapita nyama na kutokea ndani ya mdomo, ikavunjika. Kilio kilianza. Mtu akanong'ona, "Dakika! Dakika!" Kilio kikakatika.

Kengele ikalia. Mwalimu akageuka. Safu sita, vichwa vimeinama, kalamu zinatembea. Akachora mistari sita ubaoni, mmoja kwa kila safu. "Safi sana," akasema. "Hata safu ya mwisho leo."

Ndipo akasikia tone. Kisha jingine. Yule mvulana alikuwa akigawanya arobaini na nane kwa sita, kipande cha penseli kikiwa kimesimama shavuni mwake, na damu ikidondoka juu ya daftari, mahali pa jibu. Hakutaka kuikosesha safu yake mstari.

Alimbeba mwenyewe hadi zahanati, na mkono wake mbovu haukuhisi uzito. Njiani mtoto alimuuliza, kwa mdomo uliojaa damu, kama mstari wao utafutwa.

Sajini, kwa upande wake, alikuwa ameshaingia darasani. Mwalimu aliporudi aliwakuta safu ya mwisho wamepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mashati yameraruka mgongoni.

Kuna watu ambao wangesema hapo: mbinu imeshindwa, rudisha rula. Ni uamuzi rahisi, na ndiyo sababu unapendwa. Yeye Jumamosi hiyo alikaa jikoni kwake na daftari na akajiuliza swali gumu, yaani yeye mwenyewe amekosea wapi. Aliwafundisha watoto kwamba kazi ni ya dakika moja kati ya tano. Walijifunza barabara. Wanafunzi wazuri kuliko wale hakuwahi kuwapata.

Akachukua vizibo tisa vya soda na msumari. Kwenye kila kizibo akakwaruza namba, moja hadi tisa. Akavitia kwenye kopo la maziwa.

Jumatatu aliwaeleza. "Kabla ya kuzungusha saa nitachota kizibo bila kuangalia. Kikiwa mbili, ni dakika mbili. Kikiwa tisa, ni tisa. Hamtajua, na nikishazama ubaoni nasahau, hata mimi sijui. Uso wa saa utatazama ukuta."

"Mwalimu, je ukitoka moja, halafu tena moja?" akauliza Chiriku.

"Basi italia mara mbili kabla hujamaliza kukohoa."

Wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa darasa lile kucheka naye. Akaona Chiriku amegeuza shingo yote ili amsikie kwa sikio la kulia, akaihamisha saa kutoka mezani hadi kwenye dirisha lililo upande huo wa mtoto.

Sasa alihesabu kengele ikilia, na alihesabu pia kati ya kengele na kengele, akigeuka ghafla. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Kumi na wanne. Haikushuka kama jiwe, ilishuka kama homa, leo chini, kesho juu kidogo. Alizoea kusema alichokiona: "Naona kalamu ya nyuma pale inatembea. Naona huku wamefika namba sita." Siku moja wawili walianza kukunjana mashati, na kabla hajafungua mdomo, safu yao nzima iliwageukia kwa ukali: "Nyie! Kizibo hakina adabu, kinaweza kulia saa hii!" Wakaachiana. Wiki ya sita hesabu ilikuwa wanane, mchana kutwa, wa kweli. Safu ya pili ilikuwa sifuri tangu juu hadi chini.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwalimu mkuu kuingia, alitumwa ofisi ya elimu kupeleka fomu za mitihani. Vipindi viwili. Alimwomba mwalimu wa la pili awaangalie kupitia mlango. Mwalimu mkuu, kwa kutojua au kwa kutotaka kujua, alimpa Sajini darasa hilo.

Sajini aliipenda saa. Aliitoa dirishani akaiweka kwenye droo ya meza. Akachota kizibo, akakitazama, akatabasamu. "Na mimi nitafuata ratiba ya dada yenu," akasema. "Kengele ikilia, nikikukuta huandiki, unakuja mbele."

Mwalimu alirudi mapema kwa sababu ofisi ilikuwa imefungwa. Akiwa bado uwanjani alisikia kengele yake, ya kufifia, kama iko ndani ya sanduku. Baada yake akasikia mlio mwingine, mzito, wa mpira wenye mchanga unapofika kwenye nyama. Mmoja, wa pili, wa tatu. Akaanza kukimbia.

Aliyoyaona mlangoni ni haya. Watoto kumi na kitu wamelala kifudifudi mbele ya ubao, wengine wamejikojolea, mkojo umeungana na kufanya kijito hadi kwenye mguu wa meza. Waliobaki wanaandika. Walikuwa wanaandika kwa kasi ya kutisha, bila kutazama, mistari juu ya mistari, wengine wakiandika herufi moja tu ukurasa mzima, kwa sababu hawakujua kengele italia lini na mkono usingeweza kusimama hata kidogo. Kile alichokitengeneza ili wasichoke kutumaini, mwenzake alikuwa amekitumia kwa kipindi kizima ili wasipumzike kuogopa. Kilifanya kazi vilevile. Hakuna aliyekuwa nje ya kazi.

Isipokuwa Chiriku. Saa ilikuwa kwenye droo, upande wake wa kushoto, na kengele hakuisikia. Alikuwa amemwinamia mwenzake akimuuliza kitu.

"Wewe!" Sajini akaita. Mtoto hakugeuka. "Wewe kiziwi?"

Darasa zima lilijua jibu. Hakuna aliyethubutu kulisema. Sajini akampitia kwa nyuma, akanyanyua Msaidizi, na mpira ukawa unakuja upande wa kulia wa kichwa. Upande wa sikio lililobaki.

Mwalimu alifika katikati. Aliweka mkono wake, na mpira ukatua palepale, kwenye kiwiko alichovunja baba yake, na kila mtu alisikia kikivunjika tena. Kwa mkono wa kushoto aliukamata mpira akauvuta. Sajini akauachia. Akarudi nyuma hatua mbili, viganja vimefunguka.

"Dada, tulia. Imekwisha. Tulia basi."

Mpaka hapo alikuwa amefanya wajibu wake, na hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu. Mtoto alikuwa salama. Silaha ilikuwa mkononi mwake. Mtu alikuwa amerudi nyuma.

Akampiga. Alimpiga usoni, na pua ikafunguka. Akampiga shingoni, na Sajini akaenda chini akishika dawati. Akampiga mara ya tatu, akiwa chini, mdomoni, na jino likaruka likagonga ubao. Na kilichomtisha baadaye, usiku na mchana, ni kwamba mkono wa kushoto haukuwahi kufunzwa kazi hiyo, nao uliijua. Alinyanyua mara ya nne.

Kengele ikalia ndani ya droo.

Vichwa sitini na kimoja vikashuka. Waliokuwa sakafuni walivuta madaftari ya wenzao wakaandika wakiwa wamelala. Hakuna aliyethubutu kutazama, kasoro mmoja ambaye hakuisikia kengele. Chiriku alikuwa amesimama, amejibana ukutani, anamtazama mwalimu. Viganja vyote viwili vilikuwa juu ya sikio la kulia. Alikuwa analilinda sikio hilo dhidi yake.

Mwalimu akaushusha mpira, akauweka chini.

Ofisini, mwalimu mkuu alifunga mlango na madirisha. Sajini alikuwa kwenye kiti kimoja, kitambaa mdomoni. Mwalimu kwenye kingine, mkono umefungwa kwa kanga aliyoazimwa.

"Sikilizeni," akasema mwalimu mkuu. "Sisi ni familia moja. Mwalimu aliteleza kwenye ngazi, akamwangukia mwenzake. Watoto walisukumana. Kesho siingii, sina haja ya kuingia, nimeambiwa na jirani yako kwamba wametulia. Darasa ni lako, Mama. Si ndicho ulichokitaka? Na huyu hatalikanyaga tena, nakuapia. Weka sahihi tu."

Sajini alitikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Atafundisha darasa gani?" mwalimu akauliza.

"Hilo si lako."

"Atafundisha lipi?"

"La pili wana nafasi mwakani."

Akaomba karatasi tupu. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa za kitoto, na ilimchukua muda mrefu, mwalimu mkuu akimwita Mama, kisha Mwalimu, kisha kwa sauti ya juu asiyowahi kuisikia. Aliandika kuhusu mpira wenye mchanga na kijana wa la saba. Aliandika kwamba watoto kumi na wanne walilazwa sakafuni kwa saa yake mwenyewe. Aliandika kwamba alimpiga mwenzake mara tatu, na zote tatu zilikuwa baada ya hatari kupita. Halafu akarudi nyuma hadi mwanzo wa muhula, akaandika kwamba bomba la maji halikumgusa mtoto. Nilimpiga mimi. Alikuwa anasema ukurasa wa arobaini.

Nakala moja aliipeleka ofisi ya elimu. Nyingine aliipeleka kibanda cha fundi cherehani, akaiacha juu ya mashine na kuondoka.

Sajini alifukuzwa kazi na kushtakiwa. Mwalimu mkuu alistaafishwa. Nyundo mwenyewe alisimamishwa muhula mmoja bila mshahara na akaambiwa hatarudi shule ile. Darasa la tatu lilikwenda kwa mwalimu wa la pili, mwanamke mpole, aliyelichukua pamoja na kopo, vizibo, saa, na ufunguo wa kabati ambao hakuwahi kuutumia. Nyundo hakukata rufaa. Alisema kilichokatwa kimekatwa sawa.

Wiki ya tatu ya adhabu, fundi cherehani alibisha hodi nyumbani kwake. Hakukubali kukaa.

"Sijaja kukusamehe," akasema. "Nisije nikakudanganya."

"Sijaomba, mama."

"Nimekuja kwa jambo moja. Mwalimu wao mpya ameiweka ile saa mezani. Mwanangu anasema haisikii vizuri, anabaki kuwatazama wenzake ndipo ajue imelia. Wewe ulikuwa unaiweka wapi?"

"Dirishani. Upande wa kulia, kizingiti cha pili, uso utazame ukuta."

"Niandikie."

Mwalimu akaleta daftari la kurasa mia, kwa sababu karatasi nyingine haikuwepo. Kulichana kwa mkono mmoja kulimshinda, na yule mama ilibidi alishikilie. Ndipo akaona ukurasa wa mwisho, safu zake mbili. Chini ya kichwa "Mkono wangu" kulikuwa na sifuri thelathini na nane, moja chini ya nyingine, na chini kabisa tatu, iliyoandikwa kwa wino, kwa mkono wa kushoto.

Yule mama akaigusa kwa kidole.

"Hii ya chini ni nini?"

"Ni ya Alhamisi."

"Ungeweza kuiacha. Nani angeona?"

"Mwanao aliona," akasema mwalimu, akachukua kalamu, akaanza kuandika: dirishani, upande wa kulia.